Kiti cha Mgonjwa: Kupima Kabla ya Kununua

Mtu mwenye afya huinuka kitini mara nyingi kila siku pasipo kulifikiria jambo hilo. Kwa mgonjwa ambaye gegedu za magoti yake zimesagika, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, au ambaye nyonga yake ilivunjika na sasa imeunga, kuinuka huwa kugumu kuliko kutembea kwenyewe. Akishasimama na kushika fimbo yake huweza kufika barazani, msikitini, hata gengeni. Kinachomshinda ni zile sekunde chache za kukiacha kiti. Hata hivyo, katika maelezo anayopewa anapotoka kliniki, dawa hutajwa kwa jina, kipimo na saa zake, ilhali kiti atakachokalia kutwa nzima hakitajwi kabisa.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili, lakini mhudumu wa afya wa Kunduchi, Tegeta au Mbagala atautambua mara moja. Mama wa miaka 72 anaishi Kunduchi Mtongani. Ujanani alipasua kokoto katika machimbo ya huko, na magoti yake yamekuwa yakimuuma kwa miaka mingi. Kila asubuhi alikuwa akiketi barazani kwenye kiti cha mbao chenye mikono, akichambua mchele na kuitikia salamu za wapita njia. Watoto wake, kwa mapenzi mema, wakachangishana wakamnunulia seti ya makochi mapya, manene na laini, na kile kiti cha zamani kikapelekwa uani kuwekewa ndoo. Haikupita miezi miwili mama akawa haondoki sebuleni pasipo wajukuu wawili kumvuta mikono. Kwa kuwa aliona haya kuwaita kila alipotaka kujisaidia, akaanza kujinyima maji. Choo kikawa kigumu, mkojo ukawa wa maumivu, na kila aliposimama kizunguzungu kikamshika. Mwisho akaona heri kushinda kitandani. Alipofikishwa hospitali, familia ilieleza kwamba miguu imeisha nguvu. Daktari aliyachunguza magoti akayakuta kama yalivyoandikwa kwenye faili mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni kiti.

Kinachotokea mtu anaposimama

Kusimama si kunyoosha miguu tu. Kwanza kiwiliwili huinama mbele, ili uzito uliokuwa juu ya makalio uhamie juu ya nyayo. Kisha makalio huachana na kiti. Hapo ndipo misuli ya mbele ya mapaja na ile ya makalio hubeba mzigo mkubwa kuliko katika sehemu nyingine yoyote ya tendo hilo. Mwishowe magoti na nyonga hunyooka na mwili hutulia. Mzee anayeshindwa kusimama kwa kawaida hukwama katika hatua ya pili: hujisukuma, huinuka kidogo, kisha hurudi chini kwa kishindo.

Kadiri kiti kinavyokuwa kifupi ndivyo goti linavyokunjika zaidi, na ndivyo uzito wa mwili unavyokaa mbali na goti linalopaswa kuubeba. Aliyewahi kuinua ndoo ya maji mkono ukiwa umenyooka mbele, kisha akaiinua tena akiwa ameikumbatia kifuani, anaijua tofauti hiyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 na Janssen na wenzake wa Uholanzi yalionyesha kwamba kuinua kiti huweza kupunguza mzigo wa goti kwa hadi asilimia 60 na wa nyonga kwa hadi asilimia 50, na kwamba kusukuma kwa mikono juu ya mikono ya kiti nako huweza kupunguza mzigo wa nyonga kwa karibu nusu. Kipande cha mbao cha sentimita chache hakiwezi kuponya goti lililosagika. Lakini hakidhuru figo wala hakichubui tumbo, jambo lisiloweza kusemwa kuhusu diklofenaki ambayo wazee wengi hujinunulia wenyewe na kuimeza kila siku.

Kochi la kisasa humwongezea mgonjwa matatizo mengine matatu kwa wakati mmoja. Sponji yake huzama, hivyo urefu ulioonekana dukani siyo urefu atakaoukalia. Kikalio chake huenda nyuma sana na kuinamia nyuma, hivyo magoti huwa juu kuliko nyonga na kiwiliwili kinalazimika kupanda mlima kabla ya kuinama mbele. Tena upande wa mbele umefunikwa hadi sakafuni, hivyo hakuna nafasi ya kurudisha visigino nyuma, chini ya mwili, mahali vinapotakiwa kuwa mtu anaposimama. Mikono ya kochi nayo, kwa unene wake, haishikiki. Ni kitu kizuri kwa kijana anayetazama mpira.

Vipimo vyenyewe

Kipimo cha kwanza huchukuliwa mwilini, siyo dukani. Mgonjwa aketi kwenye benchi gumu akiwa amevaa viatu au ndala anazotumia kila siku, nyayo zikiwa zimelala sakafuni. Kwa futi ya fundi cherehani, apimwe kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Kwa watu wazima wengi kipimo hiki huangukia kati ya sentimita 38 na 45. Kwa anayesimama bila taabu, kiti chenye urefu huo kinatosha. Kwa anayesimama kwa shida, iongezwe sentimita 5, na kwa mwenye udhaifu mkubwa hadi sentimita 10. Kiti chenyewe kipimwe mtu akiwa amekikalia, kwa sababu sponji isiyokaliwa hudanganya.

Kuna kikomo. Kiti kikizidi urefu, nyayo huning'inia, ukingo wake hubana mapaja kwa chini, miguu huvimba, na mgonjwa huteleza kuelekea mbele. Dalili nzuri ni hii: akiwa ameketi, magoti yawe chini kidogo ya nyonga na visigino bado viguse sakafu. Kwa sababu hiyo kiti kilichomfaa baba mrefu hakiwezi kurithiwa na mama mfupi pasipo kupimwa upya. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga azingatie zaidi kwamba nyonga isishuke chini ya goti kwa muda wote ambao daktari wake wa mifupa amemwelekeza.

Kina cha kikalio kipimwe kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha zipunguzwe sentimita 3 hadi 5, nafasi ya kupitisha vidole viwili au vitatu. Mikono ya kiti iwe juu ya kikalio kwa sentimita 18 hadi 25, iwe migumu, iwe membamba kiasi cha kushikwa kwa kiganja, na ifike mbele kabisa ya kikalio. Sharti hili la mwisho ndilo husahauliwa zaidi. Mkono wa kiti unaoishia katikati humlazimu mgonjwa kusukuma akiwa bado amekaa nyuma, ilhali nguvu inahitajika pale anapokuwa ukingoni.

Kikalio kiwe bapa na kigumu, chenye sponji nzito ya sentimita 5 hivi. Asiyehisi vizuri makalioni kwa sababu ya jeraha la uti wa mgongo, na anayekaa kutwa bila kuweza kujigeuza, asikalishwe kwenye mbao tupu kwa hoja ya kurahisisha kusimama: ngozi yake itachubuka na kidonda cha shinikizo ni kibaya kuliko kochi. Huyo apelekwe kwa mtaalamu wa utengamao apatiwe mto unaomfaa.

Kurekebisha kilichopo

Si lazima kununua. Kochi lililokwisha kununuliwa linaweza kuokolewa kwa kutengenezewa jukwaa la mbao linalobeba miguu yote minne, lenye ukingo mdogo unaozuia miguu isiteleze. Matofali yaliyopangwa bila kufungwa hayafai; siku moja kochi litasukumwa na moja litatoka. Chini ya mto wa kikalio uwekwe ubao mwembamba, na sponji iliyochoka ibadilishwe. Watu wengi huongeza mito juu ya kochi badala ya kuinua kochi lenyewe. Hilo huinua makalio lakini huacha mikono ya kochi chini, na mito nayo huteleza.

Kile kiti cha plastiki chenye mikono, kinachodharauliwa kwa kuwa ni cha shughulini, mara nyingi ndicho bora kuliko vyote vilivyomo nyumbani. Ni kigumu, kina mikono, na kina nafasi chini ya kurudisha visigino. Viwili vya aina moja vikipachikwa kimoja juu ya kingine huongeza sentimita chache na uimara pia. Kiegemezwe ukutani ili kisirudi nyuma. Kisitumike kwenye vigae vilivyolowa, kwa sababu miguu yake hutanuka na kuteleza. Kikaguliwe miguu na viungio vyake kila mara: plastiki iliyoanikwa juani miaka mingi hupauka, na siku ya kuvunjika haitoi taarifa.

Anayetaka kiti kipya ana mafundi karibu. Seremala wa Keko, au yeyote mwenye karakana kando ya Barabara ya Bagamoyo, anaweza kukitengeneza akipewa vipimo kwenye karatasi. Mninga ni mzuri, lakini mbao yoyote ngumu iliyokauka inatosha. Maungio yaliyochongwa na kugundishwa vyema yana maana kuliko jina la mti. Uzito wa kiti hapa ni sifa njema, kwani kiti kizito hakikimbii kinaposukumwa. Fundi aambiwe waziwazi kwamba kiti ni cha mtu anayejisukuma kwa mikono, la sivyo atapenda kukilaza nyuma kwa ajili ya starehe.

Viti vinavyoinuka kwa umeme vipo na vinauzwa kwa bei kubwa. Vinamfaa mgonjwa ambaye misuli yake haitarudi tena. Kwa wengine wote vina kasoro mbili: umeme hukatika mgonjwa akiwa ameketi, na mashine hufanya kazi ambayo mapaja yangepaswa kuendelea kuifanya.

Kitandani, chooni na mkekani

Kitanda hupimwa kwa kanuni ileile, mgonjwa akiwa ameketi ukingoni. Godoro la sponji lililobonyea katikati humfanya mzee alale shimoni, na asubuhi, viungo vikiwa bado vimekakamaa, ndipo hushindwa zaidi. Vigingi vya mbao vilivyotobolewa kupokea miguu ya kitanda hutosha. Chandarua kifungwe upya baada ya kuinua kitanda, vinginevyo kitakuwa kifupi na hakitachomekwa.

Choo ndicho mahali ambapo somo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kuacha kukaa sebuleni lakini hawezi kuacha kujisaidia. Choo cha kuchuchumaa humtaka mgonjwa wa magoti afanye tendo gumu kupita yote, peke yake, sakafu ikiwa imelowa, mara nyingi usiku. Kwa gharama ndogo fundi wa vyuma au seremala hutengeneza kigoda kirefu chenye tundu na mikono miwili, kinachosimama juu ya tundu la choo, miguu yake ikiwa imevikwa mpira. Wengine hutoboa kiti cha plastiki. Hilo linakubalika endapo ni viti viwili vilivyopachikwa, tundu ni dogo kuliko makalio, na kingo zimelainishwa zisikate ngozi. Choo cha kukaa kilicho kifupi huinuliwa kwa fremu ya aina hiyohiyo. Ukutani lifungwe bomba la chuma linaloshikika vyema kiganjani, kwa bolti zinazoingia ndani ya tofali. Mzee asishike sinki, bomba la maji wala kining'inizo cha taulo. Havikufungwa kubeba mtu. Ikiwa choo kiko uani, kiti chenye ndoo kando ya kitanda humwepusha na safari ya saa nane za usiku.

Linabaki suala la mkeka. Katika pwani hii watu hula, hupokea wageni, husoma hitma na hukaa msibani chini. Kumwambia mzee asikae chini tena ni ushauri sahihi wa kitabibu, lakini usipoandamana na mbadala humtenga. Baadhi yao huacha kwenda misibani kabisa kwa kuogopa kuinuliwa mbele za watu. Kiti kiwekwe ukingoni mwa jamvi, si kwenye kona ya mbali, na mtu mwingine mmoja au wawili waketi juu pamoja naye. Kwa Mwislamu asiyeweza kusujudu, sala ya kuketi kitini inajulikana na kuruhusiwa. Aulize kwa imamu wake namna ya kuitekeleza. Kanisani mabenchi hayana mikono, hivyo akae pembeni au nyuma ya benchi lingine analoweza kulishika. Jikoni, mbuzi ya kukunia nazi hufungwa juu ya benchi, na mama akaendelea kukuna nazi yake akiwa amekaa juu.

Namna ya kusimama na kusaidia

Kiti kizuri hakitoshi ikiwa mgonjwa anasimama vibaya. Asogee hadi ukingoni mwa kikalio. Arudishe visigino nyuma kidogo ya magoti, nyayo zikiwa zimeachana kama upana wa mabega. Mikono ishike mikono ya kiti. Ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha asukume na kusimama. Wengi huogopa kuinama wakidhani wataanguka kifudifudi, nao husimama wima kuelekea juu, na hapo ndipo hurudi kitini. Mikono isishike fimbo wala fremu ya kutembelea kwa kuivuta, itapinduka. Akishasimama, atulie na kuhesabu hadi kumi kabla ya kupiga hatua, hasa ikiwa anatumia dawa za shinikizo la damu.

Msaidizi asimvute mgonjwa mikono wala kumwinua kwa makwapa. Bega la mkono uliopooza hulegea na kuteguka kwa urahisi, na maumivu yake hudumu kuliko kiharusi kilivyodumu. Asimame kando, upande ulio dhaifu, aweke mkono mmoja nyuma ya kiuno au ashike khanga iliyofungwa imara kiunoni, na amwelekeze mgonjwa mbele, si juu. Anayehitaji kubebwa kila mara, hata kwenye kiti kilichopimwa, anahitaji kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa mhudumu wa afya

Kiti chenyewe ni kifaa cha uchunguzi kisicho na gharama. Katika kipimo cha sekunde 30, kiti kisichotumia mikono, chenye urefu wa takriban sentimita 43, huegemezwa ukutani. Mgonjwa hukunja mikono kifuani, husimama na kuketi kikamilifu, na mhudumu huhesabu. Akilazimika kutumia mikono, huandikiwa sifuri. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani huhesabu kuwa mwanamke wa miaka 70 hadi 74 anayefanya chini ya mara 10, na mwanamume wa umri huo anayefanya chini ya mara 12, yumo katika hatari ya kuanguka. Namba hizo zinatokana na wazee wa huko. Hapa zina faida zaidi zikitumika kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe kutoka mahudhurio hadi mahudhurio. Shinikizo la damu nalo lipimwe akiwa amelala, kisha dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama. La juu likishuka kwa 20 au zaidi, au la chini kwa 10 au zaidi, dawa zake zitazamwe upya.

Si kila anayeshindwa kuinuka ana tatizo la kiti. Aliyekuwa akisimama jana na leo hawezi, hasa kwa upande mmoja, awahishwe hospitali kwa shaka ya kiharusi. Aliyeanguka na sasa nyonga inauma hata kama anajikongoja, apigwe picha ya eksirei. Goti moja lililovimba, lenye joto na homa, ni dharura, na vivyo hivyo udhaifu wa miguu yote miwili unaoambatana na ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kuzuia haja. Unaokuja polepole pande zote mbili huweza kutokana na magonjwa ya misuli, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini D, ugonjwa wa Parkinson, au matumizi ya muda mrefu ya steroidi. Katika hali hizi kiti kilichoinuliwa husaidia, lakini kisichelewesha uchunguzi.

Mahudhurio yanayofuata yasiishie kwenye kuandika dawa upya. Mhudumu aulize mgonjwa anakaa wapi mchana, anajisaidia wapi usiku, na ni nani humwinua. Familia ikiweza ilete picha ya kiti na ya choo kwenye simu. Kisha mgonjwa apewe zoezi: kuinuka mara 5 hadi 10, asubuhi na jioni, kutoka kwenye kiti kilichoinuliwa, kwanza kwa kutumia mikono, baadaye bila mikono. Kwa ajili hiyo ni vyema jukwaa la kochi litengenezwe kwa tabaka mbili za sentimita 5 kila moja, zinazofungwa kwa skrubu. Baada ya wiki sita hadi nane, anayeweza kuinuka mara kumi mfululizo pasipo kushika kitu aondolewe tabaka moja. Kipande hicho kihifadhiwe mvunguni mwa kitanda, kwa sababu baada ya homa ya wiki nzima kitandani huenda kikahitajika tena.